Mavuno ya Msitu: Mali, Mila na Imani Katika Uzaramo

Katika Sikukuu ya Mavuno kila msharika huleta alichojaliwa. Huku kwetu, kati ya Kibaha na Kisarawe, mbele ya madhabahu hujaa mihogo, mahindi, nazi, korosho, mananasi na kuku waliofungwa miguu. Siku hizi zipo pia bahasha za vijana wanaofanya kazi viwandani Zegereni, ambao hawana shamba la kuvuna. Mwaka mmoja ndugu mmoja aliingia na magunia mawili ya mkaa. Aliyabeba na mwanawe, moja baada ya jingine, akayaegemeza karibu na ngazi ya madhabahu huku kwaya ikiendelea kuimba. Ndani ya ibada hakuna aliyesema neno. Nje, kwenye mnada, magunia yale yalinunuliwa hata kabla ya kuku.

Neno lilizuka baadaye, kwenye kikao cha Baraza la Wazee. Je, mkaa ni mavuno? Mzee mmoja alisema mavuno ni ya aliyepanda, na mti ule hakuna mtu aliyeupanda. Mama mmoja akamjibu kwamba samaki nao hakuna aliyewapanda, na Petro hakukatazwa kuvua. Mwingine akauliza kama tunapokea sadaka ya kitu kilichokatwa kwenye hifadhi, tutamwambiaje mwizi wa kuku? Kikao kilifungwa kwa sala bila kupata jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana sisi kwa sisi, na tumeona swali hilo ni la zamani kuliko usharika wetu. Wazee wetu walikuwa wakiishi kwa kuuza kilichotoka msituni kabla Injili haijafika Uzaramo.

Mali ya kwanza ya nchi hii iliyojulikana ng'ambo haikuwa zao la shamba. Ilikuwa sandarusi. Vijana wengi hawaijui tena, kwa hiyo tueleze. Mti wa msandarusi hutoa utomvu unaoganda. Utomvu wa miti ya kale, iliyokufa na kuoza mamia au maelfu ya miaka iliyopita, ulibaki chini ya mchanga mwekundu wa pwani ukawa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya asali, na juu yake vijinundu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wazaramo walichimba mashimo mafupi kwa jembe, wakaokota vipande, wakavipeleka pwani, na kutoka pwani vikavushwa hadi Unguja. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliandika habari za wachimbaji hao, na kama ilivyokuwa desturi yake hakuwaandika kwa heshima. Ndiye aliyetueleza pia kwamba sandarusi mbichi ya mtini, ambayo ilikuwa duni, wenyeji waliiita chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu pale Unguja wakaligeuza neno hilo midomoni mwao likawa jackass, yaani punda.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Said na Marekani, meli zao zilileta Unguja kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule ilisafishwa, ikachemshwa, ikawa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Mzaramo aliyechimba alipata nguo, shanga, jembe, pengine baruti. Hakuwahi kuiona vanishi.

Msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, maana litarudi. Mali ile ilitoka katika msitu uliokwisha kufa. Miti iliyokua kwa karne nyingi, ikaanguka, ikazikwa na mchanga, iliuzwa katika vizazi vitatu au vinne. Hakuna aliyekosea kwa kuokota kipande cha sandarusi shambani kwake. Lakini bei ilipangwa Unguja na Salem, na mwisho wa karne ya 19 biashara ilipopungua, wachimbaji walibaki na mashimo. Baada yake, kwa muda, ukaja mpira wa mwituni, unaogemwa kwenye mitoria, na habari yake haikuwa tofauti sana.

Kuna watu watakaosema kwamba kabla ya wageni mababu zetu waliutunza msitu kwa mila. Lina ukweli, lakini lina mipaka yake. Wazaramo, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama na kusimulia kwamba asili yao ni Uluguru, walikuwa na vichaka ambavyo shoka halikuingia. Vilikuwa mahali pa makaburi, au palipokuwa na mzimu, na matambiko yalifanyika chini ya miti mikubwa. Mvua ilipokawia, wajumbe walitumwa hadi kwenye pango la Kolelo katika milima ya Uluguru na zawadi zao. Msichana alipokuwa mwali, baadhi ya mafundisho yake yalihusu mti wa mkole, na alipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, alee kama mtoto. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika nchini miaka ya 1950 kama mwalimu wa misheni ya Kilutheri, aliandika mwaka 1970 kitabu kizima juu ya mambo hayo, na alikuwa miongoni mwa wachache wa misheni waliokaa chini wakasikiliza kabla ya kuhukumu.

Hata hivyo mila ile haikuwalinda miti wote. Ililinda mti wenye mwenyewe, awe babu aliyezikwa chini yake, au mzimu, au mjomba mwenye kauli juu ya shamba la ukoo. Pori lililobaki lilikuwa la kukata, kuchoma, kulima miaka michache na kuhama. Watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa, basi likapona lenyewe. Tusiwasifu wazee kwa kazi iliyofanywa na uchache wao. Lakini tusiwanyime haki yao pia. Walijua kwamba mti fulani una mtu wa kuulizwa, na kwamba kuukata bila kuuliza ni kosa linalogusa mvua na uzazi wa nyumba nzima.

Wajerumani walipokuja waliona pori lile kama utajiri uliolala. Mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika nchi iliyozunguka Dar es Salaam. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walifanya kazi humo kwa siku zilizopangwa. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, jumbe na serikali, na fungu la mkulima lilikuwa dogo kiasi kwamba wengine walikataa kulipokea. Kwa macho ya ofisi, kukataa fedha ni uvivu. Kwa macho ya mtu aliyeacha shamba lake la mtama liliwe na nguruwe ili apalilie pamba ya mwingine, ilikuwa hesabu sahihi. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipowaka, Uzaramo nao uliingia, na maneno yaliyosemwa kutoka Kolelo, yaliyozoea kuhusu mvua, yaligeuka kuwa juu ya kodi na utawala wa wageni. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alinyongwa. Shule ya sekondari ya Dar es Salaam yenye jina lake, watoto wetu wengi wamesoma hapo.

Katika miaka hiyohiyo, 1904 na 1905, Mjerumani mwingine aitwaye Max Weber alichapisha makala zake mbili mashuhuri akisema kwamba imani ya Kiprotestanti, yenye kuheshimu kazi na kubana matumizi, ilisaidia kuzaa utajiri wa Ulaya. Tangu hapo wataalamu hawajaacha kuuliza utamaduni gani hutajirisha taifa. Mholanzi Geert Hofstede alitoa mwaka 1980 kitabu kinachopima tamaduni za mataifa kwa namba, kwa kuwauliza maswali wafanyakazi wa kampuni ya IBM, na katika hesabu zake Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia ziliwekwa kapu moja la Afrika Mashariki. Hatuwadharau wataalamu hawa. Lakini Weber alipokuwa anaandika juu ya maadili ya kazi, serikali ya taifa lake ilikuwa inamchapa viboko Mzaramo kwa kutopenda kazi isiyomlipa. Na sisi Walutheri tulioletewa Injili na Wajerumani haohao tunapaswa kulisema hili bila kuona haya na bila uchungu.

Tukifika hapo, hatuwezi kuliruka Kanisa. Wabenediktini walifungua misheni Pugu mwaka 1888, ikachomwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri, na wamisionari wakauawa. Misheni ya Berlin ilifika Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mmisionari Martin Klamroth aliandika habari za imani za Wazaramo, Kolelo ikiwamo, na maandishi yake bado yanasomwa na wanahistoria. Kanisa lilileta shule, dawa na Neno, na hata leo anayetembea kwenye viwanja vya misheni za zamani atajua amefika kwa kuona miembe mikubwa. Jambo ambalo hatujawahi kulisema wazi ni hili. Tulifundisha, na tulikuwa sahihi kufundisha, kwamba mzimu si kitu na kwamba Mkristo hauogopi mti. Mwongofu mpya alithibitisha imani yake kwa kupita kwenye kichaka bila kutetemeka, pengine na shoka begani. Hofu ilipoondoka, hatukuweka mlinzi mwingine mahali pake. Tulikuwa na Biblia ambayo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inalikataza jeshi kukata miti ya matunda hata linapouzingira mji wa adui, na katika Walawi 25 inasema ardhi ni ya Mungu na watu ni wageni juu yake. Mambo hayo tuliyasoma kama habari za Waisraeli. Katika mafundisho ya kipaimara tuliulizwa Amri Kumi, wala hakuna aliyetuuliza habari za mti.

Uhuru ulikuja na wazo kubwa la utamaduni wa taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, akiwa Rais mpya, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Huyu ni mtu aliyewahi kufundisha Pugu hadi mwaka 1955, akaacha kazi ili aongoze siasa, kwa hiyo vilima vya Kisarawe alivijua kwa miguu. Kwake utamaduni haukuwa ngoma tu. Ujamaa wenyewe ulikuwa dai kwamba desturi ya Kiafrika ya kugawana ingeweza kuwa msingi wa uchumi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likataja vitu vinne vinavyohitajika kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwamo. Kibaha ilionja upande mzuri wa enzi ile mapema, kwani mwaka 1963 ulianza mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ambao ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Wapo miongoni mwetu waliosoma hapo, na waliozaliwa Tumbi ni wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu.

Upande wa pili tuliuonja kwenye mikorosho. Mkorosho uliletwa pwani na Wareno kutoka Brazili, ukazoea mchanga wetu hata ukaonekana wa asili. Na katika desturi ya pwani, mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Mtu anaweza kukopesha shamba lakini asikopeshe mkorosho wa baba yake. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Familia zilihamishwa. Mikorosho haikuhamishika. Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba likawa safari ya saa mbili, chini ya miti kukaota vichaka, moto wa kiangazi ukapita. Ulikuwapo pia ugonjwa wa ubwiriunga, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa mbaya, kwa hiyo si haki kuvibebesha vijiji lawama yote. Lakini taifa lililovuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 lilikuwa halifikishi tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980.

Tunalisema hili kwa sababu linagusa kiini cha habari yetu. Serikali ile ilitaka kujenga taifa juu ya utamaduni, na kwa nia njema. Ila utamaduni iliouona ni ule mpana wa Kiafrika, wa kugawana na kusaidiana. Ule mdogo wa huku, kwamba mti una mwenyewe na mwenyewe lazima awe karibu nao, haukuonekana kutoka juu. Ni kosa lilelile la kapu la Hofstede, japokuwa lilifanywa na watu waliotupenda.

Kisha mkaa. Mwaka 1980 ilipigwa kampeni ya redio na vikundi vya kusoma iliyoitwa Misitu ni Mali. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaikumbuka. Kampeni ilikuwa nzuri, ilifundisha kupanda miti na kuzuia moto. Lakini jina lake limetufanya tutafakari. Katika Kiswahili cha kawaida, kitu kikishaitwa mali, swali linalofuata ni la nani, na la pili ni shilingi ngapi. Msitu wa hifadhi jibu lake la kwanza lilikuwa serikali, na serikali iko mbali. La pili lilikuwa linapanda kila mwaka, kwa sababu ya Dar es Salaam.

Jiji lile lilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya mwaka 1967. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541 na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Wote wanakula, na wengi wanapikia mkaa. Tanuri la udongo, lile la kupanga magogo, kufunika kwa nyasi na mchanga kisha kuwasha, hutoa mkaa usiozidi sana sehemu moja kwa tano ya uzito wa kuni zilizoingia, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walionyesha jinsi uharibifu ulivyotoka mjini kama mawimbi. Kwanza huondoka mbao za thamani, kisha mbao za kawaida, mwisho unabaki mkaa. Mwaka 1991 mkaa ulikuwa ukichomwa hadi umbali wa kilometa 20 hivi kutoka jijini, na kufikia mwaka 2005 ulikuwa umefika kilometa 50. Kibaha iko kama kilometa 40 kutoka Dar es Salaam, na Zegereni iko mbele yake kidogo. Wimbi lilipita juu yetu katika miaka hiyo. Msitu wa Ruvu Kusini na ule wa Kazimzumbwi tuliiona ikitobolewa, na pikipiki na baiskeli zenye lumbesa zikipita alfajiri kabla ya kituo cha ukaguzi kuamka. Januari 2006, mwaka wa ukame, serikali ilipiga marufuku mkaa. Amri haikudumu hata miezi miwili. Jiji lilikuwa halina kitu kingine cha kupikia.

Nani alichoma? Washarika wetu. Mtu aliyekwenda kuchoma mkaa mara nyingi ni yule ambaye mikorosho ya baba yake ilibaki porini, au ambaye mihogo ilishambuliwa na ugonjwa, au mama aliyekuwa anatafuta ada ya shule mwezi wa kwanza. Hatumjui aliyetajirika kwa kuchoma. Aliyenunua kwa jumla na aliyekuwa na gari walipata zaidi, na aliyepikia, aliyeko Magomeni au Mbezi, alipata moto kwa bei isiyohesabu mti hata kidogo. Hapa habari ya sandarusi inarudi: kilichochukua muda mrefu kukua kinauzwa haraka, bei inapangwa mbali, na anayebaki na shimo ni mwenyeji. Tofauti ni kwamba safari hii mnunuzi hayuko Salem. Ni ndugu zetu, na ni sisi wenyewe, kwa maana pilau ya Sikukuu ya Mavuno nayo hupikiwa mkaa.

Sasa kuna Zegereni mpya. Eneo lililotengwa kwa viwanda katika kata ya Visiga limejaa mabati, mabomba ya moshi na malori, na mkoa wa Pwani unasifiwa kama mkoa wa viwanda. Kutoka Soga unaweza kupanda treni ya umeme, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 inakwenda Morogoro kwa muda ambao zamani haukutosha kumaliza foleni ya Ubungo. Tusiwe watu wa kulalamika tu. Kijana mwenye zamu kiwandani hachomi mkaa. Bahasha yake madhabahuni ni safi, na nyumba nyingi za usharika zimepata bati kwa mshahara huo. Lakini mshahara wa kiwandani nao hununua mkaa, maana mpangaji wa chumba kimoja anapika kwenye jiko la mkaa mlangoni. Na ardhi ya kiwanda ilikuwa shamba la mtu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatambua haki ya kimila, na mthamini anapokuja huhesabu mkorosho, mnazi, mwembe, kila mmoja kwa thamani yake. Mti uliopandwa unahesabiwa. Mkwaju uliojiotea, au kichaka kile ambacho bibi hakuingia na shoka, hauna mstari kwenye fomu. Kwa njia yake fomu ile inasema neno lilelile alilosema mzee wetu kwenye kikao, kwamba mavuno ni ya aliyepanda.

Ahabu alimtolea Nabothi fedha au shamba zuri zaidi, na kwa hesabu ya soko hakuwa mkatili kwa kutoa bei. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na Mungu alikuwa upande wake. Tumehubiri somo hilo mara nyingi juu ya dhuluma, na ni sawa. Hatujalihubiri vya kutosha juu ya Nabothi mwenyewe, mtu aliyejua kwamba kuna kitu mkononi mwake ambacho si chake kukimaliza. Wazee wa Uzaramo wangemwelewa bila mkalimani. Pengine wangemwelewa kuliko sisi, tulioshika Biblia yake. Kwa maoni yetu, walichokuwa nacho wao na tulichokipoteza sisi hakikuwa hofu ya mzimu. Kilikuwa desturi ya kuuliza kabla ya kukata, na kuwapo kwa mtu wa kuulizwa.

Hapo ndipo Baraza lilipoanzia tena lilipokutana mara ya pili. Mchungaji alimwita ndugu mwenye magunia aje aseme mwenyewe, jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu mwanzo. Alikuja na shati la ibada. Akasema miti ile aliikata kwenye shamba la mama yake, si hifadhini, na aliomba ruhusa kwa mjomba wake ambaye ndiye msimamizi. Akasema mahindi yake yaliungua na jua mwaka ule. "Wazee wangu, mngetaka nije mikono mitupu?" Mama aliyetaja samaki wa Petro alifunga macho.

Waliokuwapo walikubaliana mambo machache. Mkaa utapokewa kama matoleo mengine, ila aletaye ataulizwa umetoka wapi, kwa upole, na mwenye kuuliza awe mzee wa mtaa wake. Fedha itakayopatikana kwa mkaa kwenye mnada itanunua miche. Jiko la usharika litatafutiwa gesi, kwa kuwa serikali imezindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na tuliona aibu kusubiri tuwe wa mwisho. Mtungi ulinunuliwa. Jiko la gesi la kupikia sufuria ya watu mia mbili ni ghali, bado tunachangia.

Juu ya miche kulikuwa na ubishi. Vijana walitaka mikaratusi kwa sababu hukua upesi na nguzo zina soko. Wazee walitaka mikorosho. Bibi mmoja, ambaye huwa hasemi kwenye vikao, aliuliza kama kuna anayeweza kupata mbegu ya msandarusi na ya mkole. Wengine walicheka kidogo, maana mkole unawakumbusha mambo ya unyago, na kiwanja ni cha kanisa. Mchungaji hakucheka. Alisema mti ni mti, akaandika.

Mvua za masika zilipoanza tulipanda mikorosho 30 upande wa barabara, na nyuma ya ofisi misandarusi minne iliyookotwa na vijana ikiwa miche midogo porini kwa ruhusa ya mwenye eneo. Mbuzi wa jirani walikula miwili. Iliyobaki imewekewa uzio wa miiba, na kila mmoja una jina la mtoto wa Shule ya Jumapili anayeumwagilia.

Sikukuu ya Mavuno iliyofuata ndugu yule alileta mihogo, mananasi sita, na gunia moja la mkaa. Mzee wa mtaa wake alimwuliza umetoka wapi. Akamjibu, na gunia likapokewa.